Kanga Niliyoifunga Angani

Eliwaza mwanangu,

Nimesubiri uondoke ndipo nikae na karatasi. Umekwenda Kimandolu kuwaaga mama zako wadogo, na nawajua, nimewazaa mwenyewe, hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja. Kwa hiyo jioni yote ni yangu. Ndizi ziko jikoni, moto ni mdogo, mbwa amelala mlangoni pa chumba chako kama aliyesikia habari.

Mwandiko wangu uuvumilie. Shule sikuiona hata mlango. Sisi wasichana wa Kiarusha wa siku zile tulisomeshwa na mikia ya ng'ombe. Herufi nilizipata kanisani nikiwa nimeshaolewa huku Umeruni, nikifuata kidole cha mchungaji kwenye kitabu cha nyimbo, ili nami nipate kipaimara kama wanawake wenzangu. Ndiyo maana mpaka leo nikiandika midomo inacheza. Hapa nilipo inacheza, na kuku wananitazama.

Sitakuambia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za wanaume. Mama yako atayasema hayo yote kesho ndani ya gari, na mkifika uwanja wa ndege atayarudia. Mimi nina swali moja tu la kujibu, lile uliloniuliza mferejini siku tulipokuwa tunazibua majani, nami nikajifanya sikusikia.

"Koko," ulisema, kwa sauti ile ya kumbembeleza bibi, "ukisema nisiende, siendi. Nitamwambia mama umenikataza. Wewe ukikataza hakuna anayebisha."

Nikakujibu kwamba jembe lako linachimba kama mtu anayejikuna mgongo. Ukacheka kidogo, ukaendelea. Hukuuliza tena. Lakini nimekuona unavyofunga begi. Unatia viatu, unavitoa. Unatia ile Biblia, unairudisha mezani. Mtu anayekwenda hafungi hivyo, na mtu anayebaki hafungi kabisa. Wewe unangoja neno langu, nami nimelikalia kama kuku aliyeatamia mayai ya bata.

Basi nitalisema. Ila nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu neno lisilo na sababu ni amri, na umri wa kuamriwa umeshaupita.

Hofu yako naijua ilikozaliwa, maana nilikuwepo. Ni siku ile tuliyorudi kutoka Dar kwa mjomba wako. Mimi nilitaka basi. Mjomba akasema, mama, basi linakula siku nzima, ndege ni muda wa kuchemsha maharage. Nikakubali kwa sababu wewe ulikuwa umeng'aa macho. Barua ya chuo cha urubani ilikuwa imefika, ukataka kunionyesha kazi yako itakavyokuwa. Ukaniweka dirishani. Ukanifunga mkanda, ukaukaza, nikakuambia, mke mwenzangu, unanifunga kama mzigo wa punda. Yule mwanamume wa nyuma yetu, aliyekuwa akijisifu tangu Dar kuhusu viwanja vyake vya Usa River, alicheka kuliko ilivyostahili.

Njia nzima nilikaa kama mtoto mwema. Tulipoanza kushuka huku kwetu, hewa ilikuwa imetulia kabisa. Mlima Meru ulikuwa umesimama wazi mpaka kichwani, na mimi niliyeishi miaka yote miguuni pake nikauona usoni kwa mara ya kwanza. Halafu nikaona chini yale mabanda meupe ya mashamba ya maua ya Usa River.

Sasa unajua wanawake wa huku tulivyo. Nikitoka Moshi kwa basi, nikishayaona mabanda yale, nasimama. Nafungua kanga, naikung'uta, naifunga upya, naweka kilemba sawa, kwa sababu Tengeru ni pale mbele tu na mwanamke hashuki stendi amekunjamana, watu watauliza huko alikotoka alilala wapi. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo nikiwa bibi harusi na nimefanya hivyo maisha yangu yote. Basi mikono ikafanya kazi yake bila kuniuliza. Ikafungua kile kichuma cha mkanda. Nikainuka, nikaifungua kanga, nikaikung'uta, nikaifunga upya.

Ndege ikalala ubavu.

Haikurukaruka kama gari kwenye mashimo. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ameshika bawa moja akalivuta chini kwa hasira. Niliona mashamba ya mahindi dirishani, mahali pa mbingu. Nami nikawa sina uzito, Eliwaza, nilikuwa kama jani. Ndipo mkono wako ukanishika kanga hapa kiunoni ukanivuta. Bega langu likagonga kiti cha mbele, na nikasikia kifundo cha mkono wako kikilia kama kuni mbichi. Bawa likarudi juu. Injini zikanguruma, ndege ikainua pua, tukapanda tena kule tulikotoka. Mwenye viwanja alikuwa anamwita mama yake.

Ukanifunga mkanda tena kwa mkono mmoja. Tulizunguka, tukaja mara ya pili, na ndani mle palikuwa kimya kuliko ibada ya Ijumaa Kuu.

Tulipotua, yule rubani alisimama chini ya ngazi, anampa kila mtu pole. Kijana tu, shati jeupe, jasho limemlowesha kola. Nikamshika mkono wa shati. Ulinivuta, nikakataa.

"Shikamoo Bibi," akasema. "Pole sana."

"Marahaba. Pole nimeipokea. Sasa niambie kilikuwa nini."

"Ni upepo, Bibi."

"Upepo gani? Ile soksi yenu ya kuonyesha upepo, pale kwenye mti, imelala kama ya mlevi."

Akacheka. Akanionyesha lile dege kubwa la watalii lililokuwa limetangulia kutua, limesimama pale linateremsha watu wenye kofia. Akasema ndege kubwa hivyo ikipita, mabawa yake yanasokota hewa, yanaiacha nyuma kama kamba mbili, moja kila upande. Ndege inakwenda zake, kamba zinabaki. Zinashuka polepole chini ya njia iliyopita. Siku ya upepo zinapeperushwa. Siku tulivu zinakaa pale pale, na mdogo anayekuja nyuma akiziingia, zinambirua.

"Kama mfereji," nikamwambia. "Wa juu akifungua lango lote, nawe ukafungua lako saa ile ile, maji yanabomoa kingo zako. Unayaacha kwanza yapite."

"Karibu na hivyo, Bibi. Ila maji yako unayaona."

Hapo alinishinda, nikakubali. Lakini nilikuwa na moja zaidi. "Na wewe kwa nini hukuacha yapite?"

Ukanifinya. "Koko, jamani."

Yeye hakukasirika. Akasema watu wa mnarani, wale wanaoongoza ndege, walimwuliza kama analiona lile dege lililo mbele, akawajibu analiona, atalifuata kwa macho. Ukishasema hivyo, akasema, wao hawakupimii tena, umbali unakuwa mikononi mwako. "Na kweli nililiona, Bibi. Kubwa vile. Nikalisogelea mno, tena nikawa chini ya njia yake."

"Uliogopa?"

Akatazama kama kuna mtu anasikia. "Niliogopa. Ndiyo maana nilirudi juu."

"Na mara ya pili?"

"Niliogopa pia. Ila nililipa nafasi. Nikakaa juu ya njia yake, nikatua mbele ya pale lilipogusa."

Nikamwachia shati. Nikamwambia akanywe chai yenye sukari.

Wewe katika maneno yote yale ulibeba moja tu: niliogopa. Nilikuona. Mpaka tunafika nyumbani ulikuwa umegeuka mtu mwingine. Jioni ile, mkono wako umefungwa bendeji, unanikanda bega kwa maji ya moto, ndipo uliposema, "Koko, siku moja nyuma yangu atakuwepo bibi wa mtu amefungua mkanda, na mimi nitakuwa nimesogea mno." Nikakuambia unyamaze unanimwagia maji. Lakini nililisikia, na halijaniacha.

Kwanza tuelewane kuhusu bega. Bega ni langu. Kichuma nilikifungua mimi, kwa mikono hii, kwa ajili ya watu wa stendi ambayo hata haikuwepo. Hilo usilichukue, una mizigo yako ya kutosha.

Hilo la kusogea mno ndilo nataka tuliongee, kwa maana yule kijana alipokuwa ananieleza pale chini ya ngazi, sikumwona yeye. Nilimwona Mzee Elifasi.

Unamjua Elifasi wa sasa, yule mzee wa shamba la juu yetu anayesinzia kanisani na mkongojo katikati ya magoti. Zamani alikuwa dege. Pikapu mbili, ng'ombe wa kisasa, shamba jingine kule chini, anaongea watu wananyamaza. Babu yako alikuwa amekufa, ameniachia kihamba chenye migomba na mibuni, na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka mpaka watu wanaona aibu kuitaja. Asubuhi moja tukasikia mashoka huko juu. Elifasi anang'oa kahawa. Atapanda maharage machanga, yale ya kusafirishwa kwenda Ulaya.

Kila siku nilikuwa nasimama kwenye masale, ile mimea ya mpaka, namtazama. Akichimba, natazama. Akimwaga mbolea, natazama. Nilimwona vizuri, mwanangu, kama yule kijana alivyoliona lile dege. Nikasema huyu anajua anakokwenda, nami niko nyuma yake, nitapita anapopita.

Shemeji zangu walikuja wamejaa sebule. Mkubwa wao akasema, "Shemeji, mbuni wa marehemu haung'olewi na mwanamke." Nikamwambia, basi na njaa ya marehemu aje aile mwenyewe. Nilifurahia sana maneno yale. Mpaka leo nayakumbuka kwa utamu kidogo, nisamehewe. Lakini ndani ya maneno yao palikuwa na neno moja la akili, la shemeji mdogo, ambaye alisema kwa sauti ya chini, "Ng'oa nusu, tuone." Sikumsikia kwa sababu nilikuwa nashughulika kuwashinda wenzake.

Nikang'oa yote. Msimu ule ule, kisigino kwa kisigino na Elifasi.

Tulivuna vizuri. Mnunuzi akaja na gari lake, akaanzia juu kwa Elifasi, gari likajaa, akaniambia nisubiri. Safari ya pili hakuja kabisa. Ikasemekana huko wanakopeleka wamekataa mzigo. Elifasi aliyumba, akasimama. Alikuwa na maziwa, alikuwa na shamba la chini. Mimi nililala ubavu. Tulikula yale maharage asubuhi na jioni mpaka mama yako akawa anakimbia harufu yake. Na ni mwaka ule mama yako aliacha shule, akashuka Sakina kuwauzia chai mafundi magari kando ya barabara ya Nairobi. Ndiyo maana mpaka leo ukipika maharage machanga nyumbani kwake anatoka nje kama aliyeitwa na jirani. Sasa umejua.

Elifasi nilimchukia kwa muda mrefu. Kanisani nilichagua benchi ambalo sitaona kisogo chake. Na unajua nini, hakunifanyia lolote. Hilo ndilo lilinichukua miaka kulielewa, na sikulielewa sawasawa mpaka siku ile uwanjani. Alipita tu. Mkubwa akipita, nyuma yake hewa inasokoteka, wala yeye hajui, anaendelea na safari zake. Kosa halikuwa kumfuata. Wadogo wote wanafuata wakubwa, njia ya kutua ni moja. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa sababu namwona, basi niko salama.

Mibuni unayoiona leo chini ya migomba niliirudisha mwenyewe, michache michache, nikiomba miche kwa yule shemeji mdogo. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Mama yako alikuwa amekuleta umefungwa kwenye kitenge, akaniambia, "Mama, nishikie mpaka nisimame," akarudi kwa mafundi wake. Nimekushikia mpaka umenipita urefu.

Sasa nisikudanganye. Siku ile mferejini, neno "usiende" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, lina moto kabisa. Nilikuwa na sababu nzuri. Ningesema hofu ni sauti ya Mungu. Ningesema mkono wako bado unauma wakati wa baridi. Ungebaki, na watu wangesema mjukuu gani mwenye heshima hivi. Hakuna ambaye angejua kwamba bibi kizee mmoja anaogopa tu nyumba ikinyamaza. Nani ataniambia Koko umerudia hiyo hadithi? Nani atabishana nami kuhusu chumvi? Mbwa habishi.

Mama yako naye, nimwelezee kidogo, kwa sababu yeye hatajieleza. Anakutazama anaona yale maharage yakilipwa. Anataka uruke kwa nguvu ya mtu aliyetolewa darasani. Ana haki ya kutaka. Lakini ukienda kwa sababu hiyo tu, umeingia kwenye kamba zake. Na ukibaki kwa sababu mimi nataka mtu wa kunishika kanga, umeingia kwenye zangu. Sisi wawili ndio tulio mbele yako, Eliwaza. Tunaonekana wakubwa kwa sababu uko karibu. Tumekwisha pita, na hewa nyuma yetu haijatulia bado.

Kwa hiyo neno langu ndilo hili: nenda.

Nenda, na hofu yako uibebe, usiiache hapa chini ya kitanda. Rubani wa kunitisha mimi ni yule asiyejua kabisa kwamba kuna bega la bibi nyuma yake. Yule kijana aliogopa, akainua pua ya ndege, akapanda, akazunguka, akaja tena akiwa na nafasi. Mwenye viwanja alisema tumeaibika. Mimi nilikuwemo, sikuona aibu, niliona ardhi ikija taratibu mara ya pili kama inavyotakiwa. Ukifika huko ukaona imekulalia ubavu, inua pua. Na kama kuinua pua ni kurudi hapa kwangu kwa muda, mlango unaujua, unasukuma kwa goti. Sitakuuliza kitu mpaka umekula.

Ila usiniulize tena kama uende. Swali hilo nimekurudishia. Umbali sasa ni wako.

Kaa juu kidogo ya njia yangu, mwanangu. Na ya mama yako. Utue mbele ya pale tulipotua sisi.

Mbwa ameinua masikio, nadhani ni wewe unapanda njia, kwa hiyo nifupishe. Barua hii naitia kwenye begi, ndani ya kile kiatu unachokitia na kukitoa. Nimekuwekea na kanga ya siku ile. Imechanika pale uliponishika, sikuishona makusudi. Mwenzake wa doti ile, mzima, nimebaki naye mimi.

Nilikuwa nimeapa mbele yako na mbele ya mjomba wako kwamba ndege sipandi tena. Kiapo hicho kina mlango mmoja. Siku utakayokuja kunichukua, wewe ukiwa kule mbele na shati jeupe, nitaifunga kanga hapa nyumbani kabisa, mafundo mawili, mbele ya kioo. Na tukirudi, nikiyaona yale mabanda ya maua ya Usa River, mikono yangu nitaikalia.

Ni mimi,
Koko